Tofali la Sikudhani

Kabla hujatuita wahuni, ngoja nikueleze lile tofali.

Ilikuwa Jumamosi, Mburahati, upepo wa Agosti
unapeta karatasi zetu kama pumba.
Vipeperushi mia tatu, vya rangi moja,
tulichangishana kuvichapa: Athanasi elfu mbili,
Chiduo wa bajaji elfu moja na ahadi.
Mimi mweka hazina, niliandika yote
kwenye daftari la mwanangu, nyuma ya hesabu za kujumlisha.
Meza tuliazima kwa muuza chipsi.

Sikudhani akaona karatasi zinakimbilia mtaroni,
akainua tofali azikandamize,
akapaza sauti: "Zishikeni!"
Hapo ndipo mwenye kamera akafyatua.

Kesho yake tukawa ukurasa wa mbele.
Sikudhani, mdomo wazi, mkono juu, tofali,
na chini yake: Wafuasi wa fundi saa wachafua hali ya hewa.
Pembeni Mzee Ndekwa anapiga chafya;
pichani anaonekana ana hasira za kuzaliwa nazo.

Mgombea wetu, Mwinshehe Dihenga,
ana kibanda cha saa na jicho moja lililozoea lenzi.
Ukimweleza mtaro umeziba anakunja uso,
anauliza ulianza kusimama lini,
kama vile mtaro nao una majira.
Hiyo ndiyo ilani yetu. Hatukuwa na nyingine.

Basi watu wakaanza kutusoma kama ile picha.
Mwenye nyumba wa Sikudhani akataka kodi ya miezi sita,
"maana nyie watu hamtabiriki."
Wateja wake wa vitumbua wakahesabu chenji mara mbili.
Redioni bwana mmoja mwenye sauti ya zulia
akasema sisi ni vijana wasio na kazi.
Sikudhani ana miaka hamsini na tatu.
Anaamka saa tisa usiku kusaga mchele.

Tukaitisha kikao. Ajenda: nyuso zetu.
Athanasi akasema tupige pasi, tuchomekee.
Chiduo akasema tucheke kila simu inapoinuliwa.
Tukajaribu. Ee Mola, tulivyocheka!
Tulitisha kuliko tofali.
Mzee Ndekwa akafunga kikao:
"Mimi chafya siwezi kuiahirisha."

Na nikiri.
Wako wetu waliorusha. Si siku ile, siku nyingine,
Kigogo, bango la mpinzani, mawe mawili,
na mmoja ni mtoto wa dada yangu.
Nilimnyamazia. Nilijiambia: tumeshaitwa,
acha jina nalo lipate mwenyewe.
Hilo halimo kwenye daftari. Naliweka hapa.

Siku ya kura Sikudhani alifika foleni saa kumi na moja alfajiri,
gauni la arusi ya mwanawe,
mikono mbele, viganja wazi,
kila mwenye macho aone hakubeba kitu.
Saa nne nzima alisimama hivyo.
Nilimwambia, shoga, shusha mikono.
Akasema, bado wanatazama.

Tulipata kura mia nne na kumi na tisa.
Mshindi alipata za kutosha kutozitaja zetu.
Fundi akarudi kibandani, na wiki ya pili
akaja yule mpiga picha na saa iliyoingia maji.
Akamtengenezea. Akampunguzia na bei!
Tulimnunia hadi mwisho wa mwezi.

Tofali lipo. Liko mlangoni kwa Sikudhani,
linazuia mlango usibamizwe na upepo.
Ukienda kumsalimia utaliruka, kisha utakaribishwa kitumbua.
Wewe ingia tu.
Ila ujue, kabla hajaitikia hodi,
ameshaangalia macho yako yametua wapi.